Wembe Mwepesi, Mkono Mzito: Kisa cha Mjomba na Mpwa wa Lamu

Kisa hiki ni cha kinyozi mmoja wa mji wa Lamu na mpwa wake anayejifunza kazi kwake. Majina nimeyaondoa, mtaa nimeuficha, na wenyewe wameridhia kiandikwe. Mimi kazi yangu ni kunoa: mikasi ya mafundi cherehani, visu vya wauza samaki, na nyembe za kukunja za wachache waliobaki nazo. Wembe wa mpwa niliuletewa ukiwa umeshaharibika. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kisa nimeisikia kutoka kwao, kila mmoja kwa upande wake, na nusu ya pili nimeiona kwa macho.

Usuli

Duka ni la viti viwili. Wateja hunyolewa kwa mashine, na kingo za ndevu humaliziwa kwa wembe wa kubadilisha: wembe mmoja wa dukani huvunjwa nusu, nusu kwa mteja mmoja, kisha hutupwa. Hapo hapana mjadala. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu chache mno isiyoonekana kwa jicho, na wembe wa kukunja wa kutumiwa na kila mtu ni njia yake mojawapo. Nyembe mbili za kisa hiki basi ni za watu binafsi. Mmoja ni wa mjomba, mmoja wa mpwa, na hawaazimani.

Wa mjomba aliachiwa na babake. Umechapwa Sheffield, mji wa Uingereza, mzito, na ungeukata katikati ungeona kabari: mgongo mnene, mbavu zikishuka karibu moja kwa moja hadi kwenye makali. Kwa wembe huo hunyoa kichwa chake na ndevu zake, na kwa mkono wake hana wa kumfundisha.

Wa mpwa aliletewa na jamaa anayeishi Ujerumani. Umechapwa Solingen, mji wa Ujerumani, jina ambalo tangu 1938 sheria ya nchi hiyo inaruhusu litumiwe kwa bidhaa za makali zilizotengenezwa huko tu. Huu mbavu zake zimechimbwa pande zote mbili, kiasi kwamba chuma kilicho nyuma ya makali ni bati jembamba sana. Ukiyapitisha makali juu ya kucha ya kidole gumba na kuyakandamiza kidogo, unaona chuma kikipinda na kurudi. Wa mjomba ukiufanyia hivyo unaumia kucha bure.

Nyembe za kabari zilitangulia. Sheffield ilikuwa na feleji nzuri tangu miaka ya 1740, Benjamin Huntsman alipoanza kuiyeyusha katika vyungu vya udongo, lakini mawe makubwa ya kusagia yaliacha mbavu zikiwa karibu bapa. Kuchimba kwa kina kunataka jiwe dogo la mviringo, mara nyingi mawili yanayosaga mbavu zote mbili kwa pamoja, na kazi hiyo ndiyo iliyoipa Solingen sifa mwishoni mwa karne ya 19. Kati ya kabari kamili na wembe uliochimbwa kabisa kuna daraja za katikati, robo na nusu, na nitazirudia hizo mbele.

Niliazima kalipa, kifaa cha kupimia unene, ya fundi wa injini za boti nikazipima zote mbili. Wa mjomba: mgongo milimita 6.5, upana kutoka mgongo hadi makali milimita 21. Wa mpwa: 5.5 kwa 19. Wembe wa kukunja ukilazwa juu ya kinoo, mgongo na makali hugusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo pembe ya makali inaamuliwa na vipimo hivyo viwili. Kwa hesabu, wa mjomba unatoka digrii 17.8 hivi na wa mpwa 16.6. Tofauti ya digrii moja na kidogo! Anayesema wembe uliochimbwa ni mkali zaidi kwa sababu ni mwembamba anachanganya mambo. Makali yenyewe yanaweza kuwa sawasawa. Kinachotofautiana ni kile kinachoyashikilia kwa nyuma, na kisa chote kimo humo.

Yaliyotokea

Wembe mpya ulifika ukiwa umenolewa na muuzaji, na mara ya kwanza ulinyoa vizuri, ila ulilia. Wembe uliochimbwa sana hutoa mlio mwembamba kila unapokata nywele ngumu, maana bati lake linatikisika. Mjomba hajapata kusikia kitu hicho. Wake ni bubu.

"Wembe walia, mjomba."

"Walia kwa kuwa wautetemea. Kaza mkono."

Wote wawili wananiambia maneno yalikuwa hayo, na hawabishani.

Basi kijana akakaza mkono. Baada ya kunyoa akafundishwa ukanda, ngozi ambayo wembe hupitishwa juu yake ili kunyoosha makali. Ukanda wa duka ni ngozi ya zamani iliyotundikwa msumarini kwenye mwimo wa mlango, laini, iliyoshuka tumbo. Mjomba huushika chini kwa mkono wa kushoto bila kuuvuta sana, na wembe huupitisha kwa uzito wa bega. Kwa kabari yake ni sawa kabisa. Ubavu wa kabari hulala karibu wote juu ya ngozi, uzito unagawanyika, na feleji nene hivyo haijali ngozi ikilegea kidogo. Inataka hata kukandamizwa, la sivyo utapitisha asubuhi nzima usione tofauti.

Wembe uliochimbwa hugusa ngozi mahali pawili tu, mgongoni na kwenye ukingo wa makali. Uzito ule ule wa bega ukaja kukaa juu ya uzi mmoja wa chuma. Na ngozi iliyolegea inapobonyea mbele ya mkono, inapanda nyuma ya makali na kuyakunja juu. Baada ya kunyoa mara kadhaa wembe ukaanza kuvuta ndevu za kidevuni. Mjomba akasema makali yamelala, ongeza ngozi. Kijana akaongeza, na nguvu pia. Ukavuta zaidi.

Katika haraka hiyo kijana akaikata ngozi. Wembe hugeuzwa mwisho wa kila mpito kwa kuuzungusha juu ya mgongo, makali yakiwa hewani. Wembe mzito huulazimisha mkono ufuate. Mwepesi huzunguka kabla mkono haujafika, na yeye aliugeuza juu ya makali. Ulibaki mkato wa urefu wa ukucha, karibu na ncha ya chini ya ukanda, na kila mpito uliofuata makali yalikwaruza hapo.

Ndipo wakageukia kinoo. Si cha nyembe, ni kile cha pande mbili cha kunolea visu vya jikoni. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenoa, kwa kukandamiza, mpaka mteremko wa makali, ule mstari mwembamba unaosagwa na jiwe, ukapanuka na mgongo ukalika upande mmoja. Kunyoa kulikofuata kulimpa kijana mkato chini ya taya na shingo iliyowaka siku kadhaa. Mjomba akahukumu: wembe bandia, Solingen ya kuandikwa tu. Alikuwa anaupeleka kwa fundi mwenye jiwe la umeme "aupunguze" alipokutana na jirani yake, muuza viungo, ambaye huniletea visu vyake. Ukaja kwangu.

Nilichokikuta

Nilianza na dirisha. Ukiushika wembe makali yakikutazama na mwanga ukitoka juu, makali mazima hayaonekani, ni mstari mweusi. Haya yaling'aa kwa vipande, hasa katikati, na kila mng'ao ni mahali ambapo ncha ya makali imekuwa butu au imepinda. Kwa lenzi ya fundi saa nikaona mapengo madogo, na moja kubwa zaidi karibu na kisigino, pale makali yanapokutana na shina.

Kisha nikapaka mteremko wino mzito, ule wa kalamu ya kuandikia maboksi, nikaupitisha wembe mara moja juu ya jiwe laini bila kukandamiza. Wino ulifutika kwenye ukingo kabisa wa makali, ukabaki nyuma. Nikapaka tena, nikamwomba mjomba apitishe kwa mkono wake wa kawaida. Safari hii wino ulifutika nyuma, ukabaki ukingoni. Yaani alipokandamiza, bati lilipinda juu, ukingo ukainuka kutoka kwenye jiwe, na jiwe likala feleji ya nyuma ambayo haikuwa na kosa. Angenoa mwezi mzima kwa mkono ule asingefika kwenye makali. Mjomba aliutazama wino ule muda mrefu, hakusema kitu. Nami sikusema.

Tukaazima mizani ya muuza viungo, ile ya kidijitali anayopimia iliki na zafarani. Tukaweka jiwe juu yake, tukairudisha kwenye sifuri. Mjomba akapitisha wembe wake wa kabari: mizani ikacheza kati ya gramu 700 na 900. Kijana akapitisha wake: humo humo, maana mkono ni wa mjomba wake. Wembe wenyewe una gramu 60 tu. Nilipomwomba auache ujilalie na yeye auongoze tu, alishuka hadi 300, akadhani hagusi kitu. Ilimchukua muda kufika karibu na 100. Mwenye mizani alikwisha kuja kuulizia mara mbili.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: wembe hauendi kwenye jiwe la umeme. Feleji ya wembe huu haihimili joto kubwa. Ikifika takriban digrii 300 za Selsiasi inageuka rangi ya samawati na ugumu wake umeshapotea, haurudi kwa kunoa. Kisu kinene kinakupa nafasi ya kukichovya majini. Bati jembamba kama hili hufika huko kwa kufumba na kufumbua.

Wa pili ulinisumbua zaidi. Mgongo ulikuwa umelika upande mmoja, na nilitaka kuufunika kwa tepu ya umeme kabla ya kunoa ili usiendelee kulika. Tepu huinua mgongo, kwa hiyo hubadilisha pembe. Kwa unene wa tepu ile na upana wa milimita 19 ongezeko lilikuwa chini ya digrii moja. Nikaona afadhali hiyo kuliko kupoteza chuma zaidi, nikatumia tabaka moja. Yupo atakayesema wembe mzuri haufungwi tepu, na kwa wembe ambao haujaguswa nakubaliana naye.

Kunoa kwenyewe sitakurefusha. Jiwe la 1000 mpaka wino ufutike sawasawa kutoka kisigino hadi ncha, kisha 4000, kisha 8000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), maji na mkono mwepesi, na mipito ya mwisho wembe ukijiendea kwa uzito wake. Wembe uliochimbwa hunoleka upesi ukiliachia jiwe kazi, kwa sababu chuma kinachogusa jiwe ni kidogo. Hiyo ndiyo faida yake dhidi ya kabari.

Ukanda tuliubadilisha. Ngozi tuliipata kwa fundi wa makubadhi wa Siyu, kisiwani Pate, ambako kazi ya ngozi ni ya vizazi. Tulichagua kipande kisicho na mkunjo, kinene cha kutosha kisitanuke, na kijana akafundishwa kukivuta kikaze kama ubao kabla wembe haujagusa.

Uamuzi wa mwisho ulihusu nani amfundishe. Kijana alitaka nimfundishe mimi, palepale, mbele ya mjomba wake. Nilikataa. Mjomba ndiye mwalimu wake na atabaki kuwa mwalimu wake mimi nikiwa sipo, na mkono wake haukuwa na kosa. Ulikuwa mkono sahihi wa wembe mwingine. Nikamwambia, "Ami, wewe sikiliza tu." Tukamweka kibarazani, mgongo kwetu, kijana akapitisha wembe kwenye ukanda mpya. Wembe uliochimbwa hulia kwenye ngozi iliyokazwa, mlio safi na sawa. Ukikandamizwa mlio unazibwa. Ukiegemea ncha kuliko kisigino unabadilika katikati ya mpito. Haikuchukua muda mjomba akawa anaita bila kugeuka: "Umekandamiza. Sasa waegemea ncha. Hapo, endelea hivyo hivyo." Sikio la mtu aliyenyoa maisha yake yote lilihitaji kuambiwa tu kwamba kile kilio si ugonjwa.

Matokeo

Wembe unanyoa. Kijana anaushika mgongo ukiwa karibu na ngozi, pembe ya digrii 30 hivi, mipigo mifupi, na mkono wa pili ukikaza ngozi ya uso. Alipokuwa akikandamiza, bati lilikuwa likipinda kwenye ndevu ngumu za kidevu, likiruka na kurudi, na mkato wa taya ulitoka huko. Sasa akifika kidevuni anapunguza pembe badala ya kuongeza nguvu.

Vipele vya shingoni vimepungua lakini havijaisha. Nywele za kujikunja zikikatwa chini mno huingia tena ngozini zinapoota, na hilo halitibiwi na umbo la wembe wowote. Alikuwa akinyoa kinyume cha mwoto ili apate ulaini wa mjomba. Ameacha kwa shingo, anabakisha kidogo.

Jambo jingine lilitokea ambalo sikulitazamia: madoa ya kutu kwenye mbonyeo wa ubavu, wiki chache baadaye. Alikuwa akisuuza kwa maji ya kisima yenye chumvi na kupaka mafuta ya nazi. Ubavu uliochimbwa hushika tone la maji mahali ambapo kitambaa hakifiki vizuri, tofauti na ubavu bapa unaofutika kwa mpito mmoja. Sasa husuuza kwa maji matamu, hukausha kwa karatasi laini hadi ndani ya mbonyeo, na hupaka mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yakikaa huchacha na kunata.

Nini kilifaa, nini kilishindikana

Kilichoharibu wembe ni dawa iliyoongeza ugonjwa. Makali yalivuta kwa sababu ya nguvu, nguvu ikaongezwa ili yasivute. Kwa kabari ungetoka salama, kwa sababu kabari inavumilia na mara nyingi kweli inataka zaidi. Ndiyo maana sikubali lawama ya kwamba mjomba alifundisha vibaya. Alifundisha kile ambacho chuma chake kilimfundisha.

Wino ulifanya kazi kuliko maneno yangu yote, na mizani pia. "Mkono mwepesi" ni maneno ambayo kila mnoaji huyasema na kila mwanafunzi huitikia naam huku akikandamiza. Gramu 800 mbele ya macho hazibishwi.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya yote, kwenye kuchagua wembe. Kijana anayejifunza katika nyumba ya kabari angefaa kuanza na wembe wa nusu, uliochimbwa kiasi: una bati la kutosha kustahimili mkono unaojifunza, na bado unasikika kwenye ngozi. Wembe uliochimbwa kabisa unaeleza vizuri zaidi kinachotokea usoni, lakini kwa mtu asiyejua kusikiliza huo ni usumbufu mtupu. Wala sisemi kabari ni duni. Kwa kichwa kizima, kwa nywele nene za siku nyingi, kabari haitikisiki na uzito wake unafanya nusu ya kazi. Chini ya pua na kwenye mkunjo wa shingo ndipo unene wake unapokuziba macho.

Pengo la kisigino nimeliacha. Kuliondoa kungetaka kusaga makali yote hadi kina chake, na hiyo ni feleji ya miaka mingi ya kunoa kwa kawaida. Litaisha lenyewe kidogo kidogo, na kwa sasa kijana hatumii milimita zile za mwisho. Mjomba naye ameniletea wake, anataka nimpunguzie mteremko uwe mwembamba kama wa mpwa wake. Nimemrudishia. Mteremko wa kabari hupanuka kila unaponolewa, kwa kuwa chuma ni kinene hadi chini, na kuupunguza ni kumchimba wembe mbavu. Utatoka wembe mwingine, na yeye ataanza upya na ule mkono wake wa gramu 800.